Shule Zetu: Waulizwe Wanaozijua

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu elimu, hapa hapa mjini Isiolo. Hema lilikuwa limepigwa, viti vya mbele vikatengewa wakuu, na wageni wakafika saa sita mchana katika kikao kilichotangazwa kuanza saa tatu. Dua ikaombwa, sala ikasaliwa, hotuba za makaribisho zikamaliza saa nzima. Ndipo kila mwananchi akapewa dakika tatu. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Merti, akisafiri juu ya lori la mbuzi, alianza kueleza kwa Kiborana jinsi shule ya kijiji chake ilivyokaa muhula mzima na walimu wawili. Mkalimani hakuwapo. Kijana mmoja alijitolea kutafsiri, na kabla hajamaliza sentensi ya pili kengele ikalia. Mzee akashukuriwa kwa mchango wake, akaketi. Karani, niliyekuwa nimeketi nyuma yake, hakuandika neno.

Taifa hili halijapungukiwa na tume za elimu. Tume ya Ominde iliteuliwa Desemba 1963, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya mlingotini. Ikafuata ya Gachathi mwaka 1976, ya Mackay mwaka 1981 iliyotuletea mfumo wa 8-4-4, ya Kamunge mwaka 1988, ya Koech mwaka 1999, na juzi jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, ambalo lilizuru kaunti zote 47 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2023. Hatusemi kwamba waheshimiwa hao walikaa bure. Tunasema kwamba aliyesikika mbele yao aghalabu alikuwa mtu mwenye suti, mwenye memoranda iliyopigwa chapa, na mwenye nauli ya kufika mjini. Kamati ya Kamunge ilipopendekeza wazazi wagawane gharama na serikali, ni mfugaji gani wa Garbatulla aliyeulizwa kama ana kitu cha kugawana?

Wasomaji wa makamo watakumbuka mwaka 1990. Chama tawala, kikiwa kimebanwa na kelele za mageuzi, kiliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ili isikilize wananchi juu ya mambo machache: uteuzi wa wagombea kwa mlolongo na kufukuzwa kwa wanachama. Walioiunda walidhani wananchi wangejibu walichoulizwa na kurudi nyumbani. Kumbe watu walisimama, wakiwamo viongozi wa dini, wakasema na yale ambayo hayakuulizwa. Desemba ya mwaka ule mlolongo ulitupwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa katika katiba. Sababu zilikuwa nyingi, na sitaki kuipa kamati ile sifa isiyoistahili. Lakini tuliokuwa vijana wakati ule tulijifunza kitu juu ya nguvu ya swali linaloulizwa hadharani, hata pale mwulizaji asipokusudia mema.

Sasa tuzitazame shule za umma za kaunti yetu, mahali palipo na zaidi ya kilomita za mraba 25,000 na watu 268,002 waliohesabiwa mwaka 2019. Historia yake haikuanza jana. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema kwa maneno ya kiuchumi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe penye matumaini ya mavuno makubwa. Kwa lugha ya kawaida, sisi tungoje. Wakati huo huo wazee wetu waliishi chini ya hali ya hatari, mifugo ikipigwa risasi na familia zikikusanywa kambini, hadi vita vya shifta vilipokoma mwaka 1967. Mwaka 1971 serikali iliondoa karo ya masomo ya msingi katika wilaya kame, Isiolo ikiwamo. Ilikuwa huruma njema, ila karo ikiondolewa mahali ambapo shule iko mwendo wa siku mbili, kilichoondolewa ni nini? Mwaka 2003 elimu ya msingi ya bure ilitangazwa nchini kote, na mwaka 2010 katiba mpya ikaandika haki hiyo katika kifungu cha 53, tena kifungu cha 56 kikaamuru jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalumu za elimu. Kwenye karatasi, basi, tumefika Kanani.

Je, huko shuleni hali ikoje? Hapa ndipo tunapokwama, kwa maana wanaolijua jibu wanaogopa kulitamka, na kila mmoja ana hofu yake.

Mwalimu anaogopa barua ya uhamisho. Si mwoga kwa tabia. Ana watoto wake mwenyewe, ana mkopo wa ushirika unaokatwa kila mwezi, na anajua kwamba neno moja juu ya mahindi ya wanafunzi yaliyopotea stoo laweza kumpeleka asikokujua. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi, aliye kazini kwa mkataba wa mwaka, ana hofu maradufu. Mwaka 2024 walipoandamana kudai ajira ya kudumu tuliona walivyotishiwa. Mwanafunzi naye anaogopa kiboko, kilichopigwa marufuku tangu 2001 lakini bado hakijasikia habari hiyo katika shule nyingi, na anaogopa kutumwa nyumbani akamlete mzazi ambaye yuko fora na ng'ombe, kilomita 80 kutoka hapo.

Mzazi ndiye mwenye hofu kubwa kuliko wote. Mama mmoja alinijia ofisini na kijana wake aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu kabla. Cheti chake kilikuwa kimezuiwa kwa sababu ya salio la karo, hata akashindwa kuomba nafasi ya chuo wala kazi ya polisi. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza jambo hilo waziwazi, na barua moja kutoka kwangu ilitosha. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kulalamika katika mikutano ya wazazi miaka yote hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Alikuwa na binti mdogo katika shule ile ile.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga. Kosa letu wanamageuzi ni kwamba tumeendelea kumwuliza fundi seremala habari za kunguni. Tunamwuliza mkurugenzi, tunamwuliza mbunge, tunamwuliza mwalimu mkuu mbele ya afisa aliyemteua. Serikali nayo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2025, baada ya malalamiko ya wanafunzi hewa, wizara iliagiza shule zihakiki idadi ya wanafunzi kabla ya kupelekewa fedha. Fomu ilijazwa na nani? Na wakuu wa shule wale wale ambao hesabu zao zilitiliwa shaka! Hakuna mzazi aliyeombwa athibitishe, wala kiranja aliyeulizwa madawati ya darasa lake ni mangapi na wanaoyakalia ni wangapi.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba hofu ni jambo dogo. Na watazame ng'ambo ya mpaka wetu, Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, wavulana waliogoma walivamia bweni walimojificha wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakanajisiwa. Machi 2001, shuleni Kyanguli, Machakos, bweni lilitiwa moto na wavulana 67 wakateketea. Baada ya msiba wa kwanza iliundwa kamati ya Lawrence Sagini, baada ya wa pili jopo la Naomi Wangai. Yaliuliza maswali mengi mazuri, nayo yaliuliza baada ya mazishi. Septemba 2024 tulilia tena, mara hii katika shule ya kibinafsi, Hillside Endarasha huko Nyeri, kwa watoto 21. Mtoto anayelala katika bweni lenye madirisha ya vyuma na mlango mmoja anajua hatari yake kila usiku anapofumba macho. Je, nani amewahi kumwuliza: mlango wenu hufungwa kwa nje?

Kazi hii yawezekana, na tuna mfano karibu. Mwaka 2009 watafiti wa Uwezo walianza kuzunguka Kenya, wakifuata njia iliyobuniwa India mwaka 2005, na punde wakaingia Tanzania na Uganda. Hawakungoja watoto shuleni, waliwafuata majumbani. Walichagua vijiji 30 katika wilaya na nyumba 20 katika kijiji, wakatumia vijana wa papo hapo, wakampa kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 asome hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na kufanya hesabu za kiwango hicho. Waligundua kwamba watoto wapatao 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili, na wilaya kame zikawa mkiani. Serikali ilinuna. Hata hivyo hakuna aliyeweza kukanusha, kwa maana mama mwenyewe alikuwa ameketi kando akimsikiliza mwanawe akishindwa kusoma, tena aliambiwa matokeo palepale kabla mgeni hajafunga daftari.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Watafiti wengi wamepita Isiolo. Wamehesabu ngamia wetu, wamepima mikono ya watoto wetu wakati wa njaa, wametuuliza juu ya silaha na juu ya amani, wakaondoka na majibu katika magari yao meupe. Mtu anayechukua jibu lako asikurudishie ulikuwa na haki gani ya kukuuliza?

Lakini Uwezo ilipima zaidi kusoma na hesabu. Sisi twahitaji habari za maisha yenyewe ya shule. Na tuulize maswali mepesi ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa alichokiona kwa macho yake. Jana mwalimu wa hesabu aliingia darasani? Mara ya mwisho chakula cha mchana kilipikwa lini? Swali hili lina uzito wa pekee kwetu: tangu mwaka 2018, Shirika la Chakula Duniani lilipoikabidhi serikali mpango wa chakula shuleni, mzigo huo uko mikononi mwa Nairobi, na katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, sahani ya shule ndiyo iliyokuwa mlo pekee wa watoto wengi. Choo cha wasichana kina mlango? Maji hutoka wapi? Umewahi kupigwa, na kwa kosa gani? Mwalimu aulizwe ana vitabu vingapi kwa wanafunzi wangapi, analala wapi, na je, amewahi kuombwa kutia sahihi hesabu asiyoijua.

Mzazi aulizwe juu ya fedha, bila kuzungukazunguka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Ada nyingine yoyote sharti iidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, itolewe stakabadhi rasmi, na hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria kwa kushindwa kuilipa. Basi swali ni hili: mwaka huu ulilipa nini, nani aliyepokea, na ulipewa stakabadhi? Nina hakika kwamba stakabadhi zitakazopatikana katika nyumba 20 za kijiji kimoja zitatufundisha zaidi ya hotuba 20 za bajeti. Wala tusiwafanye walimu wakuu kuwa wezi wote. Kiasi cha kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kiliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haikimudu, kinachopatikana ni kama 16,900. Mwalimu mkuu anayepelekewa pungufu, tena kwa kuchelewa, humgeukia mzazi. Yeye pia aulizwe, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na asiandikwe jina.

Kuhusu majina sina mzaha. Jibu la mtoto lisiandikiwe jina, wala darasa lenye watoto wachache lisitajwe hadi mtoto atambulike. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi aridhie kabla ya habari za mwanawe kukusanywa, nasi tutaitii kwa moyo mkunjufu, maana imetungwa kumlinda yule tunayemtetea. Kuingia madarasani kunahitaji kibali cha wenye mamlaka, nacho kiombwe kwa maandishi ili kikinyimwa kinyimwe kwa maandishi. Mahali pa kumwuliza mwalimu ni kwake wakati wa likizo, si ofisini. Mtoto akisema ametendewa uovu na mtu mzima, daftari lifungwe na sheria ya watoto ifuatwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hapo hatuko tena katika utafiti.

Na lugha. Mwenye kuuliza aulize kwa Kiborana, kwa Kisamburu, kwa Kiturkana, kwa Kisomali, kwa Kimeru, kama mwenyeji anavyosema nyumbani. Tena asiwasahau wasio shuleni kabisa. Orodha ya darasa haimtaji kijana wa miaka 12 aliye fora, wala msichana wa Oldonyiro aliyeozwa, wala familia zilizokimbia machafuko ya 2011 na 2012. Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji lilipewa nafasi katika sheria ya 2013 kwa ajili ya watoto kama hawa. Hao nao ni wanafunzi wa shule za umma, ila shule haijawafikia.

Nimesikia pingamizi, na jingine limetoka ndani ya kanisa langu: elimu ni kazi ya wataalamu, mzazi asiyejua kusoma atasema nini cha maana? Atasema mtoto wake alirudi saa nne asubuhi. Atasema alimwona mwalimu sokoni siku ya Jumanne. Ushahidi wa namna hii mahakamani tunauita wa macho, na wakili yeyote angeuchagua mbele ya maoni ya mtaalamu aliyeishi Nairobi.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti, nalo ni la wafadhili wa shule. Makanisa yetu yamefadhili shule nyingi za umma, na sheria inatupa viti vitatu katika bodi ya usimamizi. Tulipata ujasiri mwaka 1992 wa kuandika nyaraka za kichungaji dhidi ya ufisadi wa serikali. Je, tutakuwa na ujasiri huo ikiwa wazazi watasema kwamba ada isiyo na stakabadhi inatozwa katika shule yenye msalaba langoni? Nehemia alipofika Yerusalemu aliondoka usiku na watu wachache, akakagua ukuta lango kwa lango, jiwe kwa jiwe, kabla hajasema lolote na wakuu. Nasi tusiuruke ubavu ulio karibu na nyumba za makuhani.

Majibu yakishapatikana yarudi yalikotoka, na yarudi upesi: yasomwe barazani, yasomwe baada ya swala ya Ijumaa kwa idhini ya maimamu na baada ya ibada ya Jumapili, kwa lugha zile zile yalizotolewa. Kisha yaende kwa bodi ya kila shule. Wazazi wana viti sita humo, walimu wana mwakilishi, na baraza la wanafunzi lina mjumbe wake. Ni shule ngapi ambako viti hivyo vina watu waliochaguliwa kweli, hilo nalo ni swali la kuulizwa. Mahali ambapo majibu ya wananchi yanapingana na vitabu vya hesabu, tutaomba vitabu. Kifungu cha 35 cha katiba kinatupa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Ombi huandikwa kwenye karatasi moja, na halihitaji wakili. Mfano wake nitauacha kwa makatibu wa matawi, pamoja na maswali yenyewe, ili kila tawi liyajaribu kwanza katika nyumba tano na kuturudishia yale yasiyoeleweka.

Wanaohitajika kabla ya likizo ya Aprili ni watu wenye kusoma na kuandika wanaokubalika vijijini mwao, wanawake wasiopungua nusu, kwa kuwa wasichana hawatamwambia mwanamume habari za choo. Kwa Sericho na Cherab tunatafuta pia wenye kujua njia za fora, maana mvua ikinyesha mwezi huo familia zitakuwa zimehama, na atakayekwenda huko sharti ajue kisima gani kina maji.